Sarafu moja dola milioni 18, wenzake kumi wako Fort Knox: kisa cha dola ishirini ya 1933

Mwaka 2004 familia moja ya Philadelphia ilipeleka serikalini sarafu kumi za dhahabu ziangaliwe kama ni za kweli au feki. Serikali ikazipokea, wataalamu wakazipima, jibu likarudi: ni za kweli kabisa, na haturudishi hata moja.

Kesi nzima ilizaliwa hapo, ikaburuzana zaidi ya miaka kumi mpaka ikafika mlangoni kwa Mahakama ya Juu ya Marekani. Mi nimekuwa nikiifuatilia kwa sababu kila anayeingia kwenye mambo ya sarafu za dhahabu za Kimarekani za mwanzo wa karne ya 20 anakuja na swali moja tu, zimebaki ngapi, zimebaki ngapi, wakati hapa uchache wala haukuwa ugomvi. Ugomvi ulikuwa zilitokaje mlangoni kwa kiwanda cha serikali.

Ngoja tuanze na kitu chenyewe. Dola 20 ya dhahabu Wamarekani waliita dabo igo, tai mara mbili, maana ile ya dola 10 ndo ilikuwa tai mmoja. Hii yenye muundo maarufu ilianza 1907, baada ya Rais Theodore Roosevelt kuona hela za nchi yake zina sura mbaya akamtafuta mchongaji Augustus Saint-Gaudens azitengeneze upya. Mzee alikuwa tayari mgonjwa, akafariki Agosti 1907 kabla kazi yake haijaingia mtaani. Upande mmoja kuna mwanamke, ndo Uhuru mwenyewe, anatembea kuja kwako, gauni linapepea, mkono wa kulia mwenge, wa kushoto tawi la mzeituni, na pale chini pembeni, ukisogeza jicho karibu kabisa, utaona kajengo ka bunge la Washington kadogo kama punje ya mchele. Upande wa pili tai anaruka juu ya jua linalochomoza. Zile za mwanzo picha ilikuwa imeinuka sana, mashine ikabidi igonge sarafu moja mara kadhaa ndo itoke vizuri, sasa kwa hela ya kuzunguka kwenye mabenki hilo haliwezekani, basi fundi mkuu wa kuchonga pale kiwandani, Charles Barber, akaibapisha.

Upana ni milimita 34, uzito gramu 33 na nusu hivi, dhahabu asilimia 90. Niliwahi kushikishwa moja ya 1924 kwa sonara mmoja Deira, Dubai, na aisee ukiipokea mkono unashuka kidogo, macho yalikuwa yamekuandaa kwa kitu chepesi zaidi. Ya 1924 ni za kumwaga, zilipigwa zaidi ya milioni nne, bei yake inafuata dhahabu na cha juu kidogo. Ukiiweka pembeni ya ile ya milioni 18, kwa macho tu, utofauti ni tarakimu mbili za mwisho kwenye mwaka.

Sasa 1933. Roosevelt mwingine huyu, Franklin, ndugu wa mbali wa yule wa kwanza, anaapishwa Machi na mabenki yanaanguka kama maembe yaliyoiva, watu wamejipanga foleni wanatoa dhahabu zao wakazifukie nyumbani. Tarehe 6 Machi akafunga benki zote na kuzuia dhahabu isilipwe. Tarehe 5 Aprili ikaja amri namba 6102, kila raia arudishe sarafu zake za dhahabu alipwe noti, kwa bei ya dola 20.67 kwa aunsi, ukikaidi faini mpaka dola 10,000 au jela mpaka miaka 10. Waliacha upenyo: mtu abaki na isiyozidi dola 100, na sarafu adimu zenye thamani maalumu kwa wakusanyaji ziachwe. Shika hicho kipengele cha wakusanyaji, kitarudi. (Mwaka uliofuata serikali hiyohiyo ikapandisha dhahabu mpaka dola 35 kwa aunsi, waliotii mapema wakabaki wanaangaliana.)

Ila kiwanda cha sarafu cha Philadelphia hakikuacha kupiga. Kati ya Machi na Mei 1933 kikapiga dola ishirini za dhahabu 445,500, zimeandikwa 1933, zinang'aa, hela ambayo hakuna raia aliyeruhusiwa kulipwa. Zikatiwa kwenye mifuko zikafungiwa stoo. Mbili zikaenda Smithsonian, makumbusho ya taifa kule Washington, kwenye mkusanyo wa taifa, chache zikatumika kupimwa ubora wa dhahabu, na 1937 zilizobaki zikaingia kwenye tanuru zikatoka mapande. Kwenye vitabu vya kiwanda hesabu imekaa sawa, hakuna hata moja iliyopotea.

Sasa kama hesabu imekaa sawa, hizi zilizokuja kuuzwa mtaani zimetoka wapi?

Maelezo ya serikali, na mi naona ndo yanayoshika, ni kwamba mtu wa ndani alibadilisha. Unachukua za 1933 kutoka kwenye mfuko, unarudishia za miaka ya nyuma idadi ileile. Uzito uleule, idadi ileile, mkaguzi akija anahesabu anakuta imetimia, maana nani anakaa kusoma mwaka kwenye sarafu moja moja ndani ya mfuko uliojaa. Dhahabu ya serikali haikupungua hata gramu. Kidole kilielekezwa kwa keshia George McCann, ambaye baadaye alifungwa kwa kuiba hela nyingine za kiwanda hichohicho, ingawa kwa hizi hakuwahi kushtakiwa. Na kule nje aliyezipokea, kila uzi ukivutwa unaishia kwa mtu mmoja: Israel Switt, sonara wa Philadelphia, mnunuzi wa dhahabu chakavu, mtu aliyekuwa na shughuli za mara kwa mara na hicho kiwanda. Hakuwa mgeni kwa wapelelezi, 1934 alishakamatwa na sarafu za dhahabu zikataifishwa.

Kilichowaumbua ni swali la mwandishi wa habari. Machi 1944 sarafu moja ya 1933 imetangazwa kwenye mnada wa Stack's, New York, huyu mwandishi akaandikia kiwanda kuuliza tu, hivi zilitoka ngapi? Wakafungua vitabu, wakakuta haikutoka hata moja. Secret Service, wapelelezi wa Hazina, wakaingia kazini, wakaanza kugonga milango ya wakusanyaji, watu wazima wenye heshima zao, unaambiwa hiyo sarafu uliyonunua kihalali dukani ni mali ya wizi ilete hapa. Switt akahojiwa, akakubali aliuza tisa. Alizipata wapi? Eti hakumbuki. Muda wa kumshtaki kisheria ulikuwa umeshapita, akarudi dukani kwake akaendelea na kazi mpaka uzee. Sarafu walizozipata moja moja, tisa jumla, zikayeyushwa.

Ila moja hawakuipata, na hapa ndo stori inanoga.

Mfalme Farouk wa Misri alikuwa anakusanya kila kitu, saa, stempu, vito, sarafu, mtu wa kununua kwanza na kuuliza baadaye. Mfanyabiashara wa sarafu wa Texas, B. Max Mehl, akamuuzia ishirini ya 1933 kwa dola 1,575. Ili kuitoa Marekani ilihitajika kibali cha kusafirisha dhahabu, basi watu wa ubalozi wa Misri wakaipeleka Hazina kihalali kabisa, mchana kweupe. Hazina wakaituma Smithsonian ikaangaliwe kama inaangukia kwenye kile kipengele cha sarafu adimu za wakusanyaji, mtunzaji wa sarafu pale akasema ndiyo inafaa, kibali kikatoka tarehe 29 Februari 1944. Siku ambayo hata kalenda haiipati kila mwaka! Wiki chache tu baadaye ndo lile swali la mwandishi likafika. Ingekuwa Farouk amechelewa mwezi mmoja, kibali kisingetoka, sarafu ingezuiwa palepale kaunta na leo ungekuwa unasoma kitu kingine.

Hazina walipogundua wamechemka walitaka irudishwe, ila kumsumbua mfalme kwa sarafu moja kisiasa haikukaa vizuri, likaachwa. 1952 Farouk akapinduliwa. 1954 serikali mpya ikaleta Sotheby's wapige mnada wa mali zake Cairo, kasri la Koubbeh, na ndani ya furushi namba 185 sarafu ikaonekana. Marekani ikaomba iondolewe mnadani, Misri ikaiondoa, na baada ya hapo kimya. Miaka arobaini na ushee hakuna anayejua iko kwa nani.

Februari 1996 inaibukia New York, chumba cha hoteli ya Waldorf Astoria. Stephen Fenton, mfanyabiashara wa sarafu wa London, ameileta kuiuza kwa dola milioni moja na nusu, kumbe mnunuzi ni mtego wa Secret Service. Pingu. Mashtaka ya jinai yakaja kufutwa, ila mzozo wa sarafu ni ya nani ukaendelea mpaka Januari 2001, siku chache kabla ya kusikilizwa wakakubaliana: iuzwe mnadani, kila upande ale nusu. Karata ya Fenton ilikuwa ile karatasi ya 1944. Wakili wake Barry Berke hakuhitaji kuthibitisha sarafu ilitokaje kiwandani, alihitaji kuuliza tu, nyie wenyewe mmeigongea muhuri itoke nchini, leo mnaiitaje ya wizi? Wakati mzozo unaendelea sarafu ilikuwa imehifadhiwa kwenye sefu za serikali World Trade Center. Julai 2001 ikahamishiwa Fort Knox, ghala la dhahabu la serikali. Miezi miwili baadaye majengo yale yakaanguka.

Tarehe 30 Julai 2002 ikapigwa mnada New York, nyundo ikaanguka kwenye milioni 6.6, ukiweka na asilimia 15 ya nyumba ya mnada inakuwa 7,590,000. Mnunuzi hakulipa hiyo. Alilipa 7,590,020. Zile ishirini za juu ni kwa sababu msimamo wa serikali siku zote ulikuwa kwamba sarafu za 1933 hazikuwahi kutolewa kama hela, kwa hiyo ili hii iwe hela lazima mtu ailipie thamani yake, na Hazina ikampa cheti cha kuthibitisha. Nimeisoma hiyo mara ngapi na bado nacheka, milioni saba na nusu halafu keshia anakwambia bado ishirini mzee.

Sasa rudi Philadelphia. Switt amefariki 1990. Binti yake na watoto wake wawili, familia ya Langbord, wanasema 2003 wamekuta kwenye sanduku la benki la familia sarafu kumi za 1933. Kumi! Mwaka mmoja tu baada ya moja kuuzwa milioni saba na nusu. Wakamchukua wakili, nani? Barry Berke yuleyule. Na hapa ndo naomba tukae kidogo maana kosa, kama ni kosa, liko hapa.

Walikuwa na njia chache na zote mbaya. Kuziuza chini chini, unaishia Waldorf kama Fenton. Kukaa nazo kimya, una mali ambayo huwezi kuionyesha wala kuikatia bima, na watoto wako unawarithisha tatizo lilelile. Kwenda mahakamani kwanza kuomba itamkwe ni zao, kabla sarafu hazijatoka mikononi. Wao wakachagua kuzipeleka kwa serikali zihakikiwe, huku wakisema haki zao zote wanazishikilia, na inavyoonekana waliamini wataishia kwenye meza ya nusu kwa nusu kama Fenton. Kwa mtazamo wangu walisoma vibaya kesi ya Fenton. Serikali haikumpa nusu kwa huruma wala kwa kuogopa mahakama kwa ujumla, ilimpa nusu kwa sababu ya kibali kimoja chenye muhuri. Hizi kumi hazikuwa na karatasi yoyote. Zilikuwa na jina la Switt tu, jina ambalo ndo lilikuwa ushahidi wa upande wa pili. Na ukishamkabidhi mtu anayedai kitu ni chake, wewe ndo unageuka mwombaji.

Serikali ikatangaza 2005 kwamba inazo na haizirudishi, familia ikashtaki 2006. Jaji akasema 2009 kwamba serikali ilikosea kuzichukua bila kufuata utaratibu, nendeni mahakamani mkaombe rasmi mzitaifishe. Ikaenda mbele ya juri Philadelphia, Julai 2011, raia wa kawaida wakakaa wakasikiliza habari za mifuko na vitabu vya keshia vya miaka karibu themanini iliyopita, wote walioshika hizo kalamu wameshazikwa. Familia ikasema jamani, kabla ya tarehe 5 Aprili kulikuwa na wiki kadhaa sarafu za 1933 zipo tayari, na ilikuwa kawaida mtu kwenda dirishani kwa keshia na dhahabu yake akabadilishiwa sarafu mpya, nani anasema Switt hakufanya hivo? Hoja nzuri kuliko watu wanavyoipa sifa. Ila serikali ilikuwa na vitabu, na kwenye vitabu hakuna malipo hata ya moja. Juri ikaipa serikali.

Kuna kitu kinachoonyesha vizuri vitabu vina nguvu gani. Mwaka huohuo 1933, kiwanda hichohicho kilipiga pia dola kumi za dhahabu, 312,500. Nyingi ziliyeyushwa vilevile, zilizopona zinazojulikana ni kama thelathini arobaini hivi, na unaruhusiwa kuwa nayo, unauza unanunua hadharani. Kwa nini? Kwa sababu vitabu vinaonyesha chache zilitoka kihalali mwanzoni mwa mwaka. Hao chache wamewafunika wenzao wote. Hakuna anayekuuliza yako wewe ni mojawapo ya zile au ilitoka mlango wa nyuma.

Hata rupia 15 ya dhahabu ya Wajerumani, ya Tabora 1916, ile yenye tembo na mlima, ilipigwa kwenye karakana ya reli katikati ya vita kwa zana za kuungaunga, ila ilipigwa ili ilipwe na ikalipwa. Kwa hiyo leo mtu anaiweka mnadani Ulaya bila presha.

Rufaa ndo ilikuwa drama. Aprili 2015 majaji watatu, wawili kwa mmoja, wakasema zirudisheni zote kumi kwa familia! Si kwa sababu hazikuibwa, hapana, kwa sababu kuna sheria ya mwaka 2000 inasema mtu akishadai mali iliyokamatwa serikali ina siku 90 ifungue kesi, na serikali ilikaa tu. Siku tisini. Nakumbuka nikawaza hapa wazee wa Hazina wamekamatika kwa kalenda. Furaha haikudumu, serikali ikaomba majaji wote wa mahakama ile wakae, uamuzi wa kwanza ukafutwa, na tarehe 1 Agosti 2016 wakatoa tisa kwa watatu: ile sheria ni ya pale serikali inapotaifisha mali ya mtu kwa utaratibu wa kiofisi, na hapa serikali ilisema tangu siku ya kwanza hatutaifishi chochote, tumechukua cha kwetu. Aprili 2017 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza. Mwisho wa safari.

Hiyo hoja ya wale majaji tisa, sijui we unaionaje, mi kisheria naielewa ila inanikera. Maana yake ukubwa wa haki zako unategemea yule aliyechukua ameamua kukiita kitendo chake jina gani. Wizi ulikuwepo, siutetei, Switt hajanishawishi hata kidogo na ile "sikumbuki" yake. Lakini serikali hiyohiyo 2002 ilikaa mnadani ikala nusu ya bei ya sarafu iliyopita njia ileile, mlango uleule, pengine mkono uleule. Kama ni mali ya umma iliyoibwa unaiuzaje? Na ukishaiuza moja kwa ahadi kwamba hiyo tu ndo halali kumilikiwa na mtu binafsi, unakuwa umejifunga mwenyewe, huwezi tena kuwa mpole kwa hizi kumi bila kumgeuka aliyekulipa.

Aliyelipa alikaa kimya mpaka 2021 ndo ikajulikana ni Stuart Weitzman, mbunifu wa viatu. Tarehe 8 Juni mwaka huo Sotheby's New York wakaiuza tena, 18,872,250. Katikati hapo, 2018, kiwanda cha sarafu kilionyesha Philadelphia nyingine ya 1933 ambayo mtu aliirudisha kwa hiari yake, jina halikutajwa.

Zile kumi hazikuyeyushwa. Zilionyeshwa Denver 2006 kwenye maonyesho ya sarafu, kesi ikiwa bado haijafunguliwa. Kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kuzilipia zile dola ishirini za cheti, kwenye vitabu vya Hazina mpaka leo hazijawa hela, ni vipande kumi vya dhahabu vya gramu 33 kila kimoja, vina picha ya mwanamke na tai.